Kiti cha kando yake kisiwekwe mzigo: Likoni hadi Mumias na mamangu

Mamangu ana miaka 72 na goti lake la kulia halikunjiki vizuri tangu mwaka juzi. Mwezi wa nne, baada ya chakula cha mchana, alinishika mkono akaniambia, mwanangu, mimi nataka kwenda Mumias kumuona dadangu, na nataka kuiona njia. Hilo neno la pili sikulitia maanani wakati ule, nilishika la kwanza tu, Mumias, nikaanza kupiga hesabu kichwani manake kutoka kwetu Likoni mpaka Mumias ni kama kilomita 900, yaani unaianza nchi pale bahari inapopiga, unakuja kuimalizia karibu na mpaka wa Uganda.

Watu wengi wakisikia nina mama mkubwa Mumias huuliza, Mswahili na Mumias wapi na wapi? Lakini wazee wetu walikuwa wakienda huko kabla ya reli na kabla ya lami. Misafara ya pwani ilikuwa ikifika kwa Wawanga, wenyeji wa huko, kununua pembe na kupumzika, wengine wakaoa wakabaki, na ndio maana ukifika Mumias leo utakuta misikiti na utasikia majina kama ya kwetu, na watu wengi wa ukoo wa Nabongo Mumia, mfalme wao, walisilimu. Yule msafiri Mskoti Joseph Thomson aliondoka Mombasa mwezi wa tatu mwaka 1883, na alipofika huko, wakati huo paliitwa Kwa Sundu, mwaka ulikuwa unakaribia kwisha. Na wapagazi waliombebea mizigo wengi walikuwa ni watu wa Unguja na wa huku pwani. Kwa hivyo safari hii si ngeni kwetu.

Mama mkubwa yeye aliolewa 1974. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akifanya kazi bandarini hapa, kisha, kiwanda cha sukari kikiwa kimeshaanza kule kwao, akarudi nyumbani na mkewe. Mama alikwenda kuwasindikiza steshen, na mpaka leo anakumbuka dadake alivaa kanga ya rangi gani. Tangu siku hiyo mama amekwenda Mumias mara moja tu, 1998, kwenye msiba wa huyo shemeji yake, kwa basi la usiku, na akirudi akarudi usiku vile vile. Alikuja kuniambia baadaye sana, nilikwenda na kurudi sikuona chochote, giza tu na taa za malori. Hapo ndipo nilipolielewa lile neno lake, nataka kuiona njia.

Basi nikachukua daftari. Mimi kila jambo lazima niliandike, nikapiga mistari nikaweka ndege, basi, treni, gari, na kila moja nikaiuliza maswali matatu: bei kwa watu wetu wote watano, saa kutoka mlangoni kwetu mpaka mlangoni kwa mama mkubwa, na goti la mama litakaaje. Watano ni mama, mimi, ndugu yangu wa kiume, na wanangu wawili, mmoja ana miaka 9 na mwengine 6.

Hapa nataka kusema jambo ambalo naona watu wengi hulikosea. Ukimuuliza mtu nauli ya Kisumu ni ngapi atakupa bei ya tikiti moja, na wewe utaichukua hiyo bei utaenda kulinganisha na mafuta ya gari, utaona gari ni ghali mno. Lakini tikiti ni ya mtu mmoja na mafuta ni ya gari zima. Na tikiti haihesabu tuktuk ya kukupeleka stendi, wala teksi ya kukutoa huko uliposhushwa, wala chai na chipsi za njiani kwa watoto, wala siku utakazokaa kule huna usafiri kila ukitaka kwenda mahali ni bodaboda, na mama mwenye goti hapandi bodaboda. Piga hesabu mlango hadi mlango, na upige kwa vichwa vyote.

Ndege niliipitia haraka. Kutoka uwanja wa Moi hapa unaruka mpaka Nairobi, unabadilisha, unaruka tena mpaka Kisumu, hewani kwenyewe si mbali, kila kipande ni kama saa moja hivi, lakini kwa watu watano bei ilipaa ikatuacha chini, na mama ana mizigo yake ambayo nitaieleza mbele, haikubaliani na mizani ya uwanja wa ndege. Na huko juu angeona nini? Mawingu. Nikapiga mstari.

Basi ndio usafiri wa watu wengi, na sina neno baya juu ya basi lenyewe. Unaenda Mwembe Tayari unakata tikiti, elfu mbili na kitu kwa mtu, jioni unapanda, kesho yake uko Kisumu. Kwa mtu mmoja aliye mzima na haraka zake hakuna kitakachoishinda hiyo bei. Kwetu sisi, nikiweka 2,500 kwa kila kiti na watoto wamekaa viti vyao, ilikuja 12,500 kwenda tu, kisha gari la kutoka Kisumu mpaka Mumias. Lakini mimi basi la usiku nina historia nalo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikirudi Mombasa, nimekaa kiti cha tatu nyuma ya dereva, na tulipoipita Sultan Hamud kama saa nane za usiku nikaona kichwa cha yule dereva kinakwenda mbele polepole, kikarudi, kikaenda tena, na basi likaanza kuvuka mstari taratibu kama mtu anayesogea kitandani. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alipiga ukelele mmoja tu, "Dereva!" na taa za trela zikapita ubavuni kwetu nikahisi upepo wake kwenye kioo. Hakuna aliyelala tena mpaka Mariakani. Simlaumu yule dereva peke yake, manake baadaye tulisikia alikuwa amemaliza safari nyengine asubuhi ile ile na jioni akarudishwa barabarani. Tangu siku hiyo nilijiwekea kwamba mamangu na wanangu sitawaweka kwenye ile barabara usiku, na hilo ndilo lililotawala mpango wote.

Treni sasa. Treni naipenda kwa moyo wote na nitaitetea kwa yeyote. Tangu hii SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ianze, mwisho wa mwezi wa tano 2017, mtu wa Mombasa mwenye shughuli Nairobi amepumzika. Unabonyeza *639# kwenye simu, unalipa kwa M-Pesa, unafika steshen ya Miritini mapema kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo, na baada ya saa tano au sita hivi uko Syokimau, steshen ya Nairobi. Nauli ilipanda mwanzo wa 2024, ile ya kawaida ikatoka 1,000 ikawa 1,500, na daraja la kwanza likatoka 3,000 likawa 4,500, watoto wadogo nusu. Kwa hivyo watu wazima watatu na watoto wawili ni 6,000 kufika Nairobi, na hiyo bei huwezi kuilalamikia. Ile ya saa mbili asubuhi inasimama njiani, Mariakani, Voi, Mtito Andei na kwengine, na mchana ule unapita Tsavo unaona ndovu wekundu kwa vumbi, kwa hivyo hata mama angeiona njia.

Lakini kwanza, viti vya kawaida vinatazamana, watatu huku na wawili kule, na goti la mama likinyooshwa linakuwa mapajani kwa mtu wa mbele. Nilimkalisha mama sebuleni kwenye kiti, nikakaa mbele yake na kiti changu karibu vile vile, nikamwambia haya mama, tuko kwenye treni. Dakika kumi tu akaanza kulishika goti. Daraja la kwanza lina nafasi, lakini hapo bei inakuwa mara tatu. Pili, Syokimau si Mumias. Ukishuka unaanza safari ya pili, na ndio ndefu kwa mtu uliyekwisha kuchoka. Reli ya zamani ya Kisumu ilirudishiwa treni ya abiria mwishoni mwa 2021 baada ya kukaa miaka mingi bila, na moyo wangu ulitamani sana mama aende kwa ile reli aliyopanda dadake, lakini ilikuwa haiendi kila siku na ilisafiri usiku, na kupanga watu watano, wazee na watoto, walingane na siku yake ilikuwa taabu. Nikijumlisha treni, teksi za Nairobi, shatoli ya Kisumu na gari la Mumias ilikuwa inakaribia 15,000 kwenda tu.

Ikabaki gari. Ndugu yangu ana Noah yake anayofanyia kazi za kubeba watu wa harusi na wageni wa hoteli za Diani, na ile Noah barabara kuu inakula lita moja kwa kama kilomita kumi, ikiwa tairi zina upepo sawa na hukanyagi kama wazimu. Kilomita 900 ni lita 90, nilipiga kwa shilingi 180 ikaja 16,200 kwenda. Hapa kwetu mafuta ni nafuu kidogo kuliko bara kwa sababu yanashukia hapa bandarini, kwa hivyo jaza tangi kabla hujaondoka, usiseme nitajaza njiani. Tofauti ya gari na treni ikawa elfu moja na kitu! Na gari linakuchukua mlangoni, linasimama mama akitaka kusimama, na ukifika lipo.

Ndugu yangu naye, kusikia gari, akasema basi tuondoke saa moja usiku, baridi, injini haichemki, asubuhi tuko Nakuru. Tulibishana siku mbili. Yeye ni dereva mzuri, si wa mashaka, lakini dereva mzuri pia ana macho mawili kama watu wote. Nikamwambia njia ya kwenda magharibi haiishii Nairobi, mbele kuna Salgaa na Sachangwan, na Sachangwan kila Mkenya anaikumbuka, mwisho wa Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka watu wakaenda kuchota, likashika moto wakafa zaidi ya mia moja. Ni mlima mrefu, malori yanayoushuka yanachoka breki, utaufikia asubuhi umekesha? Akanyamaza. Kesho yake akaja akasema, sawa dada, siku mbili, mchana mtupu, lakini mimi ndiye wa kusema tunasimama wapi. Nikamwambia mama ndiye wa kusema tunasimama wapi. Hapo akacheka tukakubaliana.

Tulipanga hivi: siku ya kwanza Likoni hadi Nairobi tulale kwa binamu yetu South C, siku ya pili Nairobi hadi Mumias. Binamu nilimpigia simu wiki tatu kabla, si siku mbili kabla. Gari likaenda kwa fundi siku kumi kabla, na hizo siku kumi zina maana, manake ukipeleka gari jana yake, fundi akigundua kitu hakuna muda wa kutafuta spea, na akifunga kitu vibaya utakijulia Taru hakuna hata kivuli. Breki padi za mbele zilikuwa zimekwisha, zikabadilishwa. Alaimenti, oili, wipa, na mpira mmoja wa rejeta ambao ulikuwa umevimba kama mshipa, fundi aliubonyeza kwa kidole mbele yangu akaniambia huu, dada, ungekuwachia pale pale Mackinnon. Shilingi mia chache tu. Spea tairi tukaijaza upepo, tukahakikisha jeki ipo, na zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani zipo mbili.

Upande wa mizigo ulikuwa wa mama. Papa mkavu kilo tatu, amefungwa kwenye magazeti kisha plastiki kisha gunia kisha tena plastiki. Halua kutoka Mji wa Kale, ukwaju, mabuyu ya watoto wa kule, achari ya ndimu aliyoitengeneza mwenyewe, nazi ishirini. Nikamwambia mama, Mumias hakuna nazi? Akasema zipo, lakini si za kwetu. Ndugu yangu akawa anapanga vitu, nyuma kumejaa, juu ya keria kumejaa, akataka kuweka ndoo ya achari kwenye kiti cha katikati kando ya mama. Mama akakataa. Hapa kisiwekwe mzigo, akasema, wala mtoto asikae. Sote tulidhani ni kwa ajili ya goti, anataka kunyoosha mguu, na kwa kweli aliunyoosha njia nzima, kwa hivyo hakuna aliyeuliza tena.

Tuliondoka Jumanne baada ya sala ya alfajiri. Zamani mtu wa Likoni safari yake ya bara ilikuwa inaanza na foleni ya feri, unaweza kupoteza saa nzima hujatoka hata Mombasa. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unapita huko nyuma, juu ya maji, unatokea Miritini hujaingia kisiwani kabisa. Lile daraja la Mteza lina zaidi ya kilomita moja na tulilipita jua linatoka, mikoko chini, maji yametulia, na mama alikuwa hajawahi kupita pale. Akafungua dirisha. Alikaa nyuma ya dereva, dirisha lile akalishika tangu Likoni na wajukuu wakiomba zamu hakuwapa, akawaambia nyinyi mtaiona njia miaka sitini ijayo.

Mariakani tukasubiri nyuma ya malori, kisha Samburu, Taru, nchi ikaanza kukauka. Mackinnon Road ndugu yangu alipunguza mwendo bila kuambiwa, kila dereva wa zamani wa njia ile anasimama pale msikitini, kwenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kando kabisa ya reli. Alikuwa mmoja wa wale waliokuja kujenga reli iliyoanzia Mombasa 1896, na wanavyosimulia wazee, karai la mawe alilobeba lilikuwa haligusi kichwa chake, linaelea juu. Mama alishuka, akatawadha, maji yapo na choo kisafi kipo (na hili kwa mtu anayesafiri na wazee na watoto ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani, katika daftari langu niliandika vyoo vyote vya maana kutoka Likoni mpaka Mumias). Akasali rakaa mbili, akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Akasema, 1998 tulipita hapa, dereva alipiga honi tu.

Voi tukanyoosha miguu, baada ya Manyani watoto wakaona ndovu watatu mbali, Mtito Andei hatukusimama ijapokuwa ndio nusu ya njia na mabasi yote yanasimama pale, manake nilikuwa nimepanga chakula cha mchana Makindu. Pale Makindu kuna hekalu la Masingasinga, Gurdwara, lililojengwa 1926, na mpaka leo msafiri yeyote wa dini yoyote akiingia anapewa chakula bila kulipa. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unakaa. Nilikuwa na wasiwasi mama atakataa. Nikamweleza kwamba pale hakupikwi nyama kabisa, ni dengu, mboga, wali na chapati, na uso wake ukatulia. Mzee mmoja mwenye kilemba alimletea chapati akaona anavyoshuka kwenye kiti kwa taabu, akaenda akarudi na kiti chengine cha kuwekea mguu. Hakusema neno, aliuinua ule mguu wa mama kwa mikono miwili kama anashika kitoto, akauweka. Mama aliitazama sahani yake muda mrefu. Tulipotoka tukaweka sadaka kidogo kwenye sanduku, na mama kwenye gari akaniuliza, hawa wana vyumba vya kulala wageni? Nikamwambia wanavyo. Akasema sawa.

Nairobi tuliingia saa kumi alasiri, binamu alikuwa amepika pilau, sina la kuongeza hapo isipokuwa baridi. Wapwani wenzangu, chukueni masweta, hata kama ni mwezi ambao kwenu mnalala na feni.

Siku ya pili tukalipia ile barabara ya juu, tukapita juu ya msongamano wote mpaka Westlands, na kwa mtu anayevuka Nairobi asubuhi hiyo pesa inaliwa kwa haki. Bonde la Ufa tuliliteremkia kwa njia ya chini ya Mai Mahiu kwa sababu mama alitaka kuliona kanisa dogo walilojenga wafungwa wa Kitaliano wakati wa vita, 1942, wakijenga ile barabara. Malori ni mengi njia ile, lakini ilikuwa saa tatu za asubuhi na jua, na ndugu yangu akaenda gia ya chini taratibu. Sachangwan tulipita saa sita mchana. Hakuna aliyezungumza ndani ya gari mpaka tukamaliza kuupanda ule mlima, hata watoto.

Kericho ndipo mama alipopaza sauti. Alikuwa ameyaona majani ya chai maisha yake yote, makavu, ndani ya pakiti, na hapa vilima vyote vimefunikwa kijani kimoja kama zulia lililonyolewa, na watu wamo ndani mpaka kiunoni wana vikapu migongoni. Simama, akasema. Tukasimama. Alisimama kando ya barabara na mkongojo wake dakika kumi na tano nzima, mvua ya rasharasha inamdondokea kwenye buibui, hakutaka kurudi garini. Daftari langu lilikuwa na dakika tano za Kericho. Nikalifunga.

Kisumu hatukukaa. Maseno watoto wakaweka mguu mmoja kaskazini mmoja kusini kwenye alama ya Ikweta, kisha tukashika njia ya Butere, miwa ikaanza kushoto na kulia, na kabla ya magharibi tukawa mlangoni. Sitaeleza walivyokutana wale wawili. Nitasema tu kwamba tulipobusu mikono tukaingia ndani, pale barazani kulikuwa na mkoba wa nguo, umefungwa zipu, juu yake kanga imekunjwa na viatu vya safari vimepangwa kando. Binti wa mama mkubwa akaniambia, mama amefunga mkoba huu tangu Jumapili. Sisi tulifika Jumatano. Nikamgeukia mama. Alikuwa anainamia gunia la papa anafungua plastiki ya kwanza.

Mara ya mwisho mama mkubwa kufika Mombasa ilikuwa harusi yangu, 2009. Ana miaka 78, ana kisukari, anajidunga sindano mara mbili kwa siku na dawa lazima ikae baridini. Usiku ule nilifungua ukurasa mpya. Siku mbili hazikutosha tena, nikafanya tatu: Mumias hadi Nakuru, Nakuru hadi Makindu, Makindu hadi Likoni, hakuna siku inayozidi kilomita 350. Chakula kila baada ya saa nne, saa kwenye mkono wa kijana wangu yeye ndiye wa kukumbusha. Kuluboksi tulinunua Kisumu tukaijaza barafu, dawa ndani ya mkebe wa plastiki ili isigusane na barafu, manake ikiganda imeharibika. Makindu nilipiga simu kuuliza chumba cha chini, kisicho na ngazi. Mafuta hayakuongezeka hata lita.

Tuliondoka Mumias Jumatatu, kumepambazuka. Ndugu yangu alimshika mama mkubwa mkono akampandisha, na kile kiti cha kando ya mama kilikuwa kitupu kama kilivyokuja. Lakini mama alikuwa ameshahama, amekaa hicho cha katikati yeye, ameukunja mguu kadiri ulivyokubali. Akapigapiga kile cha dirishani akamwambia dadake, kaa hapa, mimi nimeshaiona.